Mji wa Sangara: Misri ya kale na majina yake ya Kigiriki

Ukipanda mto Nile kutoka Luxor kwenda kusini, baada ya kilomita hamsini na kitu unafika Esna. Hekalu la mji huo, la mungu Khnum, hulioni kwa mbali. Limo ndani ya shimo la mita tisa hivi kwenda chini, kwa sababu watu wamekuwa wakijenga juu ya vifusi vya waliowatangulia karne baada ya karne, hadi leo nyumba zinalichungulia hekalu kutoka juu.

Ukiutafuta mji huu katika vitabu vya historia ya kale, utaukuta umeandikwa Latopolis. Polis kwa Kigiriki ni mji. Latos ni samaki, na samaki mwenyewe si mgeni kwetu: ni sangara, huyu huyu ambaye minofu yake inapakiwa kwenye barafu Mwanza, Kisumu na Entebbe. Wanasayansi walipompa jina la Lates niloticus walilichota kwa Wagiriki hao hao. Pale Esna sangara alikuwa mnyama mtakatifu wa mungu wa kike Neith. Alipokufa alifungwa vitambaa kama binadamu na kuzikwa kwa heshima, na wachimbaji wamefukua sangara wengi wa namna hiyo karibu na mji.

Ila Wamisri wenyewe hawakuuita mji wao kwa jina la samaki. Waliuita Iunyt, na pia Ta-senet. Hili la pili lilizungumzwa na kufupishwa mpaka Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, wakawa wanasema Sne, kisha Waarabu wakaliongezea irabu mbele, likawa Isna. Mji mmoja, majina mawili, yakaenda sambamba kwa karne nyingi: moja la ofisini na vitabuni, jingine la sokoni na mashambani. La sokoni ndilo lililoshinda, na Latopolis wamebaki nalo wasomi. Hadithi ya miji mingi ya Misri ni hiyo hiyo, ila kila mmoja ulilipata jina lake la Kigiriki kwa njia yake.

Wengi hudhani kwamba Alexander wa Makedonia aliingia Misri mwaka 332 KK, akatwaa kalamu na kufuta majina ya zamani. Hakuna amri ya namna hiyo. Alipozaliwa Alexander, Wagiriki walikuwa tayari wanasema Memphis, Thebai, Heliopolis, Hermopolis, Bubastis na Elephantine. Majina yote hayo yamo katika maandishi ya mwanahistoria Mgiriki Herodotos, aliyeandika karibu miaka mia moja kabla ya Alexander kukanyaga bonde la Nile. Kilichoyaleta ni ajira. Ushindi wa vita ulikuja baadaye.

Katika karne ya 7 KK, Firauni Psamtiki wa Kwanza alikuwa anapigania kiti chake dhidi ya watawala wengine wa Delta, kule Nile inakogawanyika kabla ya kuingia baharini. Herodotos anasimulia kwamba bishara ilimwambia kisasi chake kingetoka baharini, siku watakapotokea watu wa shaba. Watu wa shaba wakatokea kweli: Waionia na Wakaria kutoka pwani ya Uturuki ya leo, wamevaa deraya za shaba ambazo wenyeji hawakuwa wamezizoea. Psamtiki akawaajiri mamluki, akashinda, akawapa ardhi ya kuishi kwenye kingo mbili za mkono mmoja wa Nile. Halafu akafanya jambo ambalo naona lina uzito kuliko vita vyenyewe: akawakabidhi watoto wa Kimisri wakafundishwe Kigiriki. Kutokana na watoto hao, anasema Herodotos, ndipo likatokea tabaka zima la wakalimani wa Misri.

Mkalimani ndiye anayesahaulika katika habari hii. Mfanyabiashara wa Mileto, mji wa Waionia, anaposhuka na mitungi yake ya mafuta ya zeituni na kuuliza, "Hapa ni wapi?", anayemjibu ni mtu mwenye lugha mbili kichwani. Anaweza kulitaja jina lilivyo, likatoka limepindika kwenye sikio la mgeni. Anaweza kulitafsiri. Au anaweza kumrahisishia tu: hapa ndipo anapoabudiwa mungu fulani, kwenu mnamwita hivi. Njia zote tatu zimeacha alama kwenye ramani.

Alama ya mapema ya watu hao tunayo jiweni. Katika miaka ya 590 KK, Psamtiki wa Pili alituma jeshi kusini kupigana na Wakushi. Likiwa njiani, mamluki wa Kigiriki walipita Abu Simbel na kuchonga majina yao kwenye mguu wa sanamu kubwa ya Ramses wa Pili, kama vijana wanavyochonga majina kwenye mbuyu. Wanaeleza kwamba mfalme Psamtiki alifika Elephantine, na kwamba wao walisafiri na Psammatikhos mwana wa Theokles. Hebu tazama jina hilo. Baba ni Mgiriki mtupu, Theokles. Mtoto amepewa jina la firauni. Kwa hiyo majina yalisafiri pande zote mbili, na kizazi cha pili cha wageni kilikuwa kimeanza kuota mizizi.

Na Elephantine yenyewe? Ni kisiwa kilicho mbele ya Aswan, ambako pembe za ndovu kutoka kusini zilipitia. Wamisri walikiita Abu, neno lao la ndovu na la pembe yake. Kwa Kigiriki, elephas nalo ni ndovu na ni pembe pia. Hapo mkalimani alifanya kazi safi: neno kwa neno. Tafsiri za namna hiyo ni chache mno kuliko watu wanavyofikiri.

Kundi kubwa la majina tunayoyaona ya Kigiriki ni ya Kimisri, ila yamevaa mwisho wa Kigiriki. Mfano mkubwa ni Memphis. Mji huo wa kifalme, kusini kidogo ya Kairo ya leo, zamani uliitwa Inebu-hedj, yaani Kuta Nyeupe. Kisha, karibu mwaka 2300 KK, Firauni Pepi wa Kwanza akajijengea piramidi huko Saqqara na kuipa jina la Men-nefer, maana yake ni imara na nzuri. Makazi ya makuhani na mafundi yaliyokuwa jirani na piramidi yakaitwa kwa jina lake, na polepole jina likaumeza mji mzima. Karne zikapita, "r" ya mwisho ikadondoka, Men-nefer ikawa kitu kama Menfe. Mgiriki akasikia Menfe, akabandika "is" mwishoni ili limkae mdomoni, likawa Memphis. Hakuna hata silabi ya maana ya Kigiriki ndani yake. Piramidi ya Pepi leo ni rundo la mawe, na jina lake linatajwa hadi Marekani, kwenye mji ulio kando ya mto Mississippi.

Mji huo huo ulikuwa na jina jingine la kidini: Hut-ka-Ptah, kasri la roho ya mungu Ptah. Hili lilisafiri mbali zaidi. Kwenye vibao vya udongo vya Knossos, kisiwani Krete, vyenye zaidi ya miaka 3,300, limo jina la mtu linalosomeka a-ku-pi-ti-yo, yaani Mmisri. Kutoka hapo tunapata Aigyptos ya Wagiriki, na Aegyptus ya Warumi. Neno Kopti ni Aigyptos hilo hilo lililokatwa kichwa. Jina la hekalu moja likawa jina la nchi nzima. Sisi tulichukua njia ya Waarabu tukasema Misri, nao Wamisri wa kale walisema Kemet, Nchi Nyeusi, kwa ajili ya tope lililoletwa na mafuriko.

Utaona pia majina mengi ya Delta yanaanza na "Bu": Bubastis, Busiris, Buto. Chanzo ni neno per, nyumba. Per-Bastet ni nyumba ya Bastet, mungu wa kike mwenye kichwa cha paka. Per-Usir ni nyumba ya Osiris. Per-Wadjet ni nyumba ya Wadjet, mungu nyoka. Neno hilo hilo limo kinywani mwetu bila sisi kujua, maana Firauni ni per-aa, nyumba kubwa. Wamisri walisema nyumba kubwa wakimaanisha mfalme, kama sisi tunavyosema Ikulu imetoa tamko.

Njia ya miungu ni tofauti, nayo ndiyo iliyozaa majina yanayosikika ya Kigiriki kweli. Wagiriki hawakuamini kwamba kila taifa lina miungu yake. Waliona miungu ni ile ile, ila kila lugha ina majina yake. Walipoambiwa kwamba Thoth ni mungu wa uandishi na mjumbe wa miungu, wakasema huyu ni Hermes. Ra ni jua, basi ni Helios. Amun ni mfalme wa miungu, basi ni Zeus. Horus ni Apollo, Hathor ni Aphrodite, Ptah mlezi wa mafundi ni Hephaistos. Min wa Akhmim, mungu wa uzazi ambaye michoro yake haifichi kitu, akalinganishwa na Pan, yule mungu mwenye miguu ya mbuzi na tamaa zisizoisha. Kwa hesabu hiyo mji wa Min ukawa Panopolis, mji wa Horus kule Edfu ukawa Apollonopolis, na mji wa Thoth ukawa Hermopolis.

Wamisri waliuita mji huo wa Thoth Khemenu, Mji wa Wanane, kwa ajili ya miungu wanane waliokuwako kabla ya uumbaji. Mgiriki aliyesema Hermopolis hakulitafsiri jina hilo hata kidogo. Aliuliza nani anaabudiwa hapa, akaandika jibu. Ni kama mgeni afike Mwanza, asiulize mji unaitwaje, aangalie kilichojaa sokoni kisha aandike kwenye daftari lake, Mji wa Sangara.

Heliopolis nayo ni hivyo hivyo. Wenyewe waliiita Iunu, Nguzo. Waswahili wanaosoma Biblia wanaijua kwa jina linalokaribiana na la wenyewe: ni Oni, alikotoka Potifera, baba mkwe wa Yusufu. Nguzo moja bado imesimama huko Matariya, ndani ya Kairo: mnara wa mawe ya matale mekundu wa Firauni Senusret wa Kwanza, wenye urefu wa zaidi ya mita 20 na umri unaokaribia miaka 4,000. Minara ya aina hii Wamisri waliiita tekhen. Wagiriki wakaiita obeliskos, yaani kijiti cha kuchomea nyama. Mfalme anasimamisha jiwe la tani nyingi kwa heshima ya jua, anakuja mgeni anaona mshikaki. Sijui kama ulikuwa utani wa askari au la, lakini ndilo jina lililobaki.

Pale ambapo mungu hakulinganika vizuri, Wagiriki walitazama mnyama wake. Shedet, katika bonde la Fayum, ulikuwa mji wa Sobek mwenye kichwa cha mamba. Wakauita Krokodilopolis. Strabo, mwanajiografia aliyetembea Misri katika miaka ya 20 KK, ameacha maelezo ya mamba mtakatifu wa huko kama mtu aliyeyaona asubuhi ya leo. Mwenyeji wake alimpeleka ziwani akiwa amebeba andazi, nyama ya kuchoma na chupa ya kinywaji kilichochanganywa asali. Wakamkuta mamba amelala ukingoni. Makuhani wakamsogelea, wengine wakampanua mdomo, mmoja akamtia andazi, kisha nyama, kisha akammiminia kile kinywaji. Mamba akaruka majini akavuka hadi ng'ambo. Mara akafika mgeni mwingine naye na sadaka yake. Makuhani wakaipokea, wakazunguka ziwa mbio, wakamkamata tena mamba na kumlisha mlo wa pili. Utalii, kwa kweli, haujaanza jana.

Asyut ulikuwa mji wa Wepwawet, Mfungua Njia, mwenye umbo la bweha. Wagiriki waliona mbwa mwitu, wakasema Lykopolis. Nekhen ya kusini, mji wa mwewe wa Horus, ukawa Hierakonpolis. Na Per-medjed ukawa Oxyrhynkhos, Pua Iliyochongoka, kwa sababu ya samaki mwenye pua ndefu iliyopinda kwenda chini. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanamwita ndugu yake domodomo. Kwa Wamisri samaki huyu alikuwa na kesi nzito: mungu Osiris alipouawa na kukatwakatwa, kiungo kimoja alichokosa mkewe Isis ni uume, na mmoja wa samaki waliokimeza ni domodomo. Ndiyo maana wenyeji wa Per-medjed hawakuthubutu kumla.

Majirani zao wa Kynopolis, Mji wa Mbwa, hawakuwa na mwiko huo. Mwandishi Mgiriki Plutarkhos anaeleza kwamba katika siku zake watu wa Mji wa Mbwa walikuwa wanamla domodomo. Watu wa Mji wa Pua wakajibu kwa kumkamata mbwa, wakamchinja kama sadaka na kumla. Vita vikazuka kati ya miji miwili, watu wakaumizana, mpaka Warumi wakaingilia na kuwaadhibu wote. Ukisoma tu kwamba Wagiriki waliipa miji majina ya wanyama, unaweza kufikiri ni dharau ya wageni. Ugomvi huu unaonyesha kwamba wageni walikuwa wameona kitu ambacho wenyeji walikuwa tayari kukifia.

Kuna majina machache yaliyotokana na mfanano wa bahati. Abdju, mji wa Osiris, ulisikika kama Abydos, na Wagiriki walikuwa na Abydos yao kwenye mlangobahari wa Dardaneli. Wakasema Abydos, basi. Thebai ni kitendawili zaidi. Wamisri waliuita Waset, au kwa kifupi Niut, Mji, bila kuongeza neno, kama mtu wa shamba anavyosema anakwenda mjini. Maelezo yanayopendwa na wataalamu wengi ni kwamba jina la eneo la mahekalu, Ipet, likitanguliwa na kitambulishi "ta", lilisikika kwa Mgiriki kama Thebai, mji mashuhuri wa kwao. Vyovyote iwavyo, mshairi Homeros tayari anautaja katika utenzi wake wa Iliadi kama Thebai yenye milango mia, kila mlango wakitoka mashujaa mia mbili na magari yao ya farasi.

Hasara ya majina mawili ilionekana vizuri chini ya bahari. Waandishi wa Kigiriki walitaja bandari ya Herakleion kwenye mdomo wa Nile. Maandishi ya Kimisri yalitaja bandari ya Hone, ambayo Wagiriki waliisikia Thonis. Wasomi wakawa na miji miwili kwenye karatasi na hakuna hata mmoja ardhini. Mwaka 2000 timu ya mtafiti wa chini ya bahari, Franck Goddio, ilipata magofu chini ya maji ya ghuba ya Abu Qir, kilomita kadhaa kutoka ufukweni. Mwaka uliofuata wakainua jiwe jeusi la urefu wa karibu mita mbili lenye amri ya Firauni Nektanebo wa Kwanza ya mwaka 380 KK: sehemu ya kumi ya ushuru wa bidhaa zinazotoka bahari ya Wagiriki iende kwenye hekalu la Neith huko Sais. Jiwe pacha lake, lenye maneno karibu yale yale, lilikuwa limefukuliwa mwaka 1899 Naukratis, mji ambao Firauni Amasi aliwapa Wagiriki kufanyia biashara. Tofauti yao ni mstari unaosema jiwe lisimamishwe wapi. Hili la baharini lilisema: Hone. Kwa hiyo Thonis na Herakleion ulikuwa mji mmoja, na ramani zilikuwa zikihesabu bandari moja mara mbili.

Ni baada ya Alexander ndipo majina ya Kigiriki yakapata mhuri. Jemadari wake Ptolemaios alijitangaza mfalme, na ukoo wake ukatawala mpaka kifo cha Kleopatra mwaka 30 KK. Polepole kodi, mahakama na barua za serikali vikawa kwa sehemu kubwa kwa Kigiriki. Warumi walipochukua nchi hawakubadilisha lugha hiyo ya ofisi, wala Wabizanti waliowarithi. Ukihesabu hadi Waarabu walipoingiza Kiarabu katika madaftari ya serikali mwanzoni mwa karne ya 8 BK, unapata karibu miaka elfu moja ambayo mkulima wa Misri mara nyingi alipewa risiti ya kodi kwa lugha ya mgeni.

Watawala hao wakaongeza aina ya jina ambayo haikuhitaji mkalimani: jina la familia. Ptolemaios wa Pili alimwoa dada yake wa damu, Arsinoe, na Krokodilopolis ikageuzwa kuwa Arsinoe. Kijiji kipya cha Fayum kikaitwa Philadelphia, kwa lakabu ya dada huyo huyo. Bandari ya Bahari ya Shamu iliyojengwa kwa ajili ya kushushia ndovu wa vita ikaitwa Berenike, jina la mama yake. Kusini ya nchi ilikuwapo Ptolemais, mji uliojengwa na mfalme wa kwanza wa ukoo. Majina haya yalikuwa na maisha mafupi kuliko yote, na sishangai.

Chini ya ngazi ya mfalme, watu walijifunza kuishi na majina mawili. Tunamjua mmoja vizuri: Menkhes, karani wa kijiji cha Kerkeosiris mwishoni mwa karne ya 2 KK. Kazini kijijini ni Menkhes, jina la Kimisri. Kwenye hati moja anaitwa Asklepiades, Mgiriki. Ni mtu mmoja, anabadilisha jina kama anavyobadilisha koti kulingana na anayeongea naye. Makaratasi yake ya mafunjo yametufikia kwa njia ya mamba. Mwaka 1900 Waingereza wawili, Grenfell na Hunt, walikuwa wakichimba Tebtunis wakitafuta makaburi ya watu, wakawa wanapata mamba waliokaushwa tu. Kibarua mmoja akachoka, akampiga mamba mmoja akapasuka, na ndani mlikuwa mmejaa karatasi kuukuu zilizotumika kumfungia. Majalada ya ofisi ya karani yalikuwa yameishia kuwa vifungashio vya mungu.

Hali ya Menkhes ndiyo ilikuwa hali ya miji. Hata Iskandaria, mji wa Kigiriki kuliko yote, uliojengwa na Alexander mwaka 331 KK, Wamisri hawakukubali jina lake. Pale palikuwa na makazi ya zamani yaliyoitwa Ra-qed. Jiwe la mwaka 311 KK, la makuhani wa Kimisri waliokuwa wakimsifu Ptolemaios mwenyewe, linautaja mji kama ngome ya Alexander ambayo jina lake la kwanza ni Ra-qed. Karne nyingi baadaye, wakristo wa Misri wakiandika kwa Kikopti bado walisema Rakote. Maktaba, mnara wa taa, wanafalsafa, vyote vilikuja vikapita, na mkulima wa Delta alikuwa bado anasema anakwenda Rakote.

Ndipo mwishoni mwa mwaka 639 BK likafika jeshi la Waarabu la Amr ibn al-As. Waarabu walihitaji majina ya mahali, na wa kuwauliza walikuwa Wakopti mashambani. Wakapewa majina ya nyumbani. Khemenu, lililokuwa Shmun kwa Kikopti, likawa al-Ashmunayn. Djeba, ule mji wa Horus, ulikuwa Etbo, ukawa Edfu. Hermopolis ndogo ya Delta ikarudi kuwa Damanhur, Mji wa Horus kwa Kimisri kabisa. Siowt ikawa Asyut, Shmin ikawa Akhmim, Swan ikawa Aswan. Krokodilopolis, aliyebatizwa Arsinoe, akachukua jina la ziwa la jirani, Payom, likawa Fayum. Iskandaria ni kati ya miji michache mikubwa iliyobaki na jina la mwanzilishi wake. Waset nayo ilipata jina jipya kabisa: al-Uqsur, yaani Luxor, wingi wa qasr, kasri, neno ambalo hata sisi tunalo na ambalo Waarabu walilipata kutoka castra, kambi ya jeshi kwa Kilatini. Warumi walikuwa wamepiga kambi ndani ya hekalu.

Kama wenyeji waliyatupa, kwa nini sisi bado tunasema Heliopolis na Hermopolis? Kwa sababu maandishi ya Kimisri yalikufa na ya Kigiriki yakaishi. Maandishi ya mwisho ya hieroglifu tunayoyajua yalichongwa kisiwani Philae tarehe 24 Agosti 394. Baada ya hapo hakukuwa na mtu wa kuyasoma hadi Mfaransa Champollion alipoyafungua mwaka 1822, naye alianzia kwenye majina ya wafalme wa Kigiriki, Ptolemaios na Kleopatra, yaliyozungushiwa duara la kifalme. Katika muda wote huo aliyetaka kujua habari za Misri alimsoma Herodotos, Strabo, Plutarkhos. Hata Manetho, kuhani wa Kimisri, aliandika historia ya wafalme wake kwa Kigiriki.

Kuna sababu ya kiufundi pia, ambayo huwa haitajwi sana. Hieroglifu haziandiki irabu. Tunaposema Waset, ile "e" tumeitia wenyewe ili neno litamkike; mtu wa enzi za Ramses angetucheka. Kigiriki kiliandika irabu, na Kikopti pia. Jina la Kigiriki linaweza kuwa la mgeni, lakini angalau tunajua lilivyotamkwa. Biblia ya Kiswahili nayo imetuhifadhia mlango wa tatu. Agano la Kale liliandikwa kwa Kiebrania na watu waliokuwa majirani wa Misri, kwa hiyo msomaji wa Isaya sura ya 19 anakutana na Soani na Nofu. Soani ni Djanet, ambayo Wagiriki waliiita Tanis. Nofu ni Men-nefer. Hakuna Mgiriki aliyepita kati.

Mwaka 1905 mwekezaji wa Kibelgiji, Baron Empain, alianza kujenga mtaa wa kifahari jangwani nje ya Kairo, karibu na magofu ya Iunu, akaupa jina la Heliopolis. Ramani za kigeni zinauita hivyo hadi leo. Panda teksi Kairo umwambie dereva unakwenda Heliopolis, atakuelewa. Yeye mwenyewe atasema Masr el-Gedida, Misri Mpya.

Meli zilizotia nanga Berenike hazikuishia Bahari ya Shamu. Katika karne ya 1 BK mfanyabiashara mmoja wa Misri, mwandishi wa Kigiriki ambaye hakuacha jina lake, aliandika mwongozo wa njia za bahari ya Hindi. Anashuka kwenye pwani ya Azania, ambayo ni pwani yetu, akitaja kituo hadi kituo, mpaka soko la mwisho, lenye pembe za ndovu kwa wingi. Anasema jina lake linatokana na vyombo vya wenyeji vilivyoshonwa kwa kamba, mbao kwa mbao, kama mitepe ya Lamu ilivyokuwa ikishonwa hadi enzi za mabibi zetu. Kushonwa kwa Kigiriki ni rhapta, basi akaandika Rhapta. Ni kazi ile ile ya Latopolis: mgeni kaangalia kilicho ufukweni, kaandika. Ila Esna walikuwapo Wakopti wa kumwambia Mwarabu jina la nyumbani. Kwa Rhapta tunalo la mgeni peke yake.